Mke wangu anataka tuzunguke dunia na laptopu, kazi yangu mimi iko bandarini

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Tabata na mke wangu, tuko mwaka wa nne kwenye ndoa na hatujapata mtoto bado. Naomba usinifiche kitu, hata kama nimekosea niambie tu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, yaani siku nzima ni makaratasi, mara ofisini mara bandarini mara TRA, mshahara si mbaya wala si mzuri, unatosha kuishi kama hamna mgonjwa. Mke wangu ni mhasibu. Zamani alikuwa kwenye ofisi moja hapa mjini, ila tangu 2022 anafanyia kazi nyumbani, anaandaa mahesabu ya biashara ndogo ndogo za Uingereza kupitia kampuni ya huko huko na wanamlipa kwa pauni. Anaanza saa sita mchana anamaliza saa mbili usiku, tumemtengea meza pale sebuleni, mimi nikirudi napita kwa kunyata nisije nikasikika kwenye kikao chake. Sikufichi Anti, anaingiza zaidi ya mara tatu ya mshahara wangu, na hajawahi kunisimanga hata siku moja, hilo niliseme mapema.

Sasa miezi ya karibuni amekuwa anafuatilia sana hizi stori za wanandoa wanaozunguka dunia huku wanafanya kazi kwa laptopu, miezi miwili hapa mitatu pale, wanapanga apatimenti, mchana kazi jioni wanatembea. Mwanzoni nilijua anapiga stori tu. Kumbe mwenzangu ana hesabu kamili kwenye kompyuta, mwezi kwa mwezi, nauli, kodi, chakula, mpaka hela ya kufulia. Anataka mwezi wa kwanza tuondoke, tuanze Bangkok, twende Kuala Lumpur, alafu tuvuke Ulaya tukakae Lisbon. Mwaka mmoja na nusu, ikiwezekana miwili. Ili tupate hela ya kuanzia anasema tuuze ka-IST ketu pamoja na kiwanja cha Chanika ambacho tumeshamwaga msingi na tofali ziko pale pale. Na mimi niache kazi.

Nikamuuliza, mimi huko nitakuwa nafanya nini? Akasema wewe pumzika kwanza, umefanya kazi miaka tisa bila likizo ya maana, utapika, utatafuta nyumba, utapanga safari, mimi nitaleta hela. Alisema vizuri tu, hakusema kwa dharau. Ila Anti usiku ule sikulala. Nikamgusia mshkaji mmoja, kesho yake kijiwe kizima kinajua, wananiita marioo, eti naenda kulelewa Thailand.

Alafu kuna mama. Anakaa Mbagala, ana presha na sukari, kila mwezi mimi ndo nampeleka kliniki, watoto wa kiume niko peke yangu, mdogo wangu wa kike yuko chuo Dodoma mwaka wa pili na ada nachangia. Mama hajui chochote. Mama mkwe yeye anajua na anasema tuzae kwanza ndo tuzunguke.

Na ukweli mwingine ni kwamba mimi mwenyewe NATAKA kwenda. Miaka yote hii nasoma majina ya bandari kwenye makaratasi, Port Klang, Nansha, Jebel Ali, Rotterdam, na nje ya nchi hii nimefika Nakonde tu kufuatilia lori la mzigo lililokwama mpakani.

Wiki mbili zilizopita tukazozana, nikamwambia siwezi kwenda kulelewa ugenini, akanijibu basi yeye ataanza, nikijisikia nitamfuata. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya luku na maji tu. Anti, niache kazi au nisiache? Kiwanja kiuzwe? Na mke akienda peke yake hiyo ndoa bado ipo?

Msomaji, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu, pole, na asante kwa kuandika yote bila kupunguza. Umeniuliza uache kazi au usiache, ila mimi naona swali lako lenyewe ni lile ulilomuuliza mkeo, kwamba wewe huko utakuwa unafanya nini. Alikujibu kwa upendo lakini jibu hukulipata. Kupumzika ni jibu la mwezi mmoja, si la miaka miwili. Kwahiyo tuanzie hapo, kiwanja na mama tutavifikia.

Kijiwe kwanza tukiweke pembeni. Kijiwe hakiwalipii kodi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya nchi hii, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango wake kwenye mali ya ndoa hata kama hajaleta pesa mkononi, na wanawake wengi wamepata haki zao kwa kupitia kesi ile. Sasa kama kupika na kutunza nyumba ni mchango akifanya mke, akifanya mume inakuwaje isiwe? Mkeo akiwa kazini mpaka usiku na wewe umeenda sokoni, umepika, umehangaika kutafuta nyumba ya mwezi ujao yenye intaneti isiyokatika katika, umefanya kazi. Aibu ya kwamba mke ndo anaingiza nyingi itoe moyoni kabisa, nakwambia kama mwanangu, mana ndoa nzuri nimeziona zinakufa kwa hilo tu na hakuna lingine.

Ila kuna hofu nyingine umeichanganya humo humo na hiyo aibu, na hiyo hofu ni ya kweli, usiitupe. Mtu aliye ugenini bila hela yake hana sauti. Hapa Dar hata ukiishiwa una mama Mbagala, una ndugu, una mangi wa dukani atakukopesha unga. Bangkok huna mtu. Mkikorofishana, na mtakorofishana tu, watu wawili kwenye chumba kimoja asubuhi mpaka usiku miezi na miezi, utatoka uende wapi na kwa nauli ya nani? Hata bando utamwomba yeye. Barua za wanawake waliowafuata waume zao nje kwa namna hiyo nimezisoma nyingi, na kila siku nawaambia usipande ndege bila kazi yako na bila nauli yako ya kurudi. Siwezi kukwambia wewe tofauti kwa sababu ni mwanaume. Kwahiyo jibu langu ni hilo, nenda, lakini kazi yako nayo iwe imeshaanza kusafiri kabla yako, na hilo mlipime mkiwa hapa hapa Tabata.

Utaniambia Anti kazi yangu iko bandarini, nitasafiri nayo vipi. Hapo ndo nataka tukae kidogo mana nahisi hujui una nini mkononi.

Nenda Kariakoo ukamsikilize mfanyabiashara yeyote anayeleta mzigo kutoka Guangzhou au Yiwu. Amenunua, amelipa, muuzaji kule kaandika invoisi mstari mmoja tu, vifaa vya nyumbani, basi. Idadi kwenye pakingi listi haifanani na iliyoko kwenye BL, ile hati ya meli ya kusafirishia mzigo. Namba ya HS, yaani ile inayoonyesha bidhaa ni ya aina gani na ushuru wake, kaweka mtu asiyejua bidhaa yenyewe ikoje. Mzigo unafika, unakwama, gharama za kukaa bandarini zinaanza kuhesabu, ndo anapigiwa simu mtu kama wewe akakimbizane nayo. Wewe unajua ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi una ngazi 4, asilimia 0, 10, 25 na 35, alafu juu yake inakaa VAT asilimia 18. Namba ikikosewa mtu anatoka kwenye 10 anaangukia kwenye 25 na faida ya mzigo mzima imeishia hapo, au ameandikiwa ngazi ya chini isiyo yake na TRA wakimkamata anaongezewa na faini. Huyu mtu anailipa kampuni yenu baada ya mambo kuharibika. Angelipa kwa furaha kabisa mtu wa kumsomea makaratasi kabla mzigo haujatoka kiwandani, amwambie rudisha hii invoisi iandikwe upya, hii bidhaa namba yake ni hii, kodi utakayokutana nayo Dar ni kiasi hiki, je bado inalipa?

Hiyo ni kazi ya laptopu na WhatsApp. Haihitaji usimame getini bandarini na kizibao. Kuingiza nyaraka na kutoa mzigo kutabaki kwa wakala mwenye leseni, hapo huwezi kukwepa na usijaribu, kwahiyo kampuni yenu haipotezi kitu, inapata wateja ambao makaratasi yao yameshanyooka. Nenda kwa bosi wako mwambie hivo hivo kwa uwazi, nakuletea wateja, wewe unatoa mzigo, mimi nalipwa kamisheni na ushauri namtoza mteja mwenyewe. Usifanye kwa siri wala usichukue wateja wake kinyemela, mji huu ni mdogo na bandari ni ndogo zaidi. Akikataa utajua, kampuni za kutoa mizigo ziko nyingi.

Na anza sasa hivi ukiwa bado una mshahara. Chukua wafanyabiashara wawili watatu unaowajua, jioni na Jumamosi, na watoze hata kama ni kidogo, mana ukifanya bure watakusifia tu na hutajua kama kuna biashara au hamna. Ndani ya miezi mitatu minne jibu utakuwa nalo. Wakilipa na wakaleta wenzao, unasafiri na mkeo mkiwa wafanyakazi wawili. Wasipolipa, bora ulijue hilo ukiwa Tabata na ajira yako ungali nayo.

Sasa njooni kwenye hiyo ramani ya mkeo. Hesabu za kodi na chakula kaweka, sijui kama kaweka safu ya saa. Wateja wake ni Waingereza, wanamtaka saa zao za kazi, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kwao. Kipindi chao cha baridi sisi tuko mbele masaa matatu ndo mana hapa anakaa mezani saa sita mpaka saa mbili usiku. Akiwa Bangkok kazi hiyo hiyo itaanza saa kumi jioni mpaka saa sita usiku. Kuala Lumpur ni saa kumi na moja jioni mpaka saa saba usiku. Hizo jioni za kutembea alizoziona kwenye stori za watu, yeye atakuwa kwenye kikao. Na wewe kwa upande wako Kuala Lumpur saa ni sawa sawa na Guangzhou, kwahiyo asubuhi unaongea na viwanda, mchana Kariakoo ndo inafungua, jioni umechoka na mwenzako ndo kwanza anawasha kompyuta. Mtakuwa mnapishana kama walinzi wa zamu. Lisbon ndo saa zake zinafanana na za London mwaka mzima, pale yeye atafanya kazi mchana kama watu wote na wewe ndo utalazimika kuamka alfajiri kuwapata Wachina.

Naona kazi yake inapenda Ulaya na Afrika, ya kwako inapenda Asia. Hakuna mwenye makosa hapo. Ila ni jambo la kukaa chini wote wawili na kupanga, miezi hii tunakaa panapomfaa yeye, miezi ile panapokufaa wewe, na mwenye kuingiza nyingi asichague peke yake, na wewe usikubali kila kitu alafu ukakaa kununa.

Mimi ningekuwa ninyi ningeanzia Kigali. Najua mkeo ataguna, atasema Kigali ndo kuzunguka dunia? Lakini hebu angalieni, sisi wana Afrika Mashariki tunaingia pale bila kulipia viza, saa zao ziko nyuma yetu lisaa limoja tu kwahiyo kazi yake haitikisiki, na mama akizidiwa unapanda ndege siku hiyo hiyo uko Dar. Kaeni pale miezi miwili. Mtajua kama mwajiri wake hana shida, kama makaratasi ya Kariakoo yanakwenda ukiwa mbali, kama mnaweza kukaa chumba kimoja bila kurushiana maneno. Baada ya hapo Cape Town, Afrika Kusini wanaturuhusu siku 90 bila viza na saa ni kama za Kigali. Hapo ndo mtakuwa watu wa kuongea habari za Bangkok mkiwa mnajua mnachoongea.

Mana kwa pasipoti yetu huko mbele viza si jambo la kununua tiketi na kwenda. Na viza ya utalii ni ya kutalii, si ya kukaa miezi unafanya kazi hata kama anayekulipa yuko nchi nyingine, msisikilize anayewaambia hawagundui, mkizuiwa uwanja wa ndege yeye hayupo, na hata Kigali na Cape Town mkaulize kwanza kabla ya kwenda. Nchi nyingi sasa zina viza maalum kwa watu wa aina ya mkeo. Thailand tangu 2024 wana inayoitwa DTV, ya miaka 5, kila ukiingia unakaa mpaka siku 180, ada yake ni baht 10,000 na lazima uonyeshe akiba isiyopungua baht 500,000, hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu zikiwa zimekaa benki, na mwenza wa ndoa anaweza kuombewa humo. Malaysia wana DE Rantau tangu 2022, mtu wa teknolojia anatakiwa awe anaingiza zaidi ya dola 24,000 kwa mwaka, kazi zingine ni zaidi ya dola 60,000, sasa mkeo mhasibu aangalie kwa makini anaangukia kundi gani kabla hajaiweka Kuala Lumpur kwenye hesabu zake. Ureno, ndiko iliko Lisbon, wanataka kipato cha mara nne ya kima chao cha chini, kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi, na ukiwa na mwenza wanataka zaidi. Viza ya kawaida ya Schengen, yaani ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ndo ile siku 90 ndani ya kila siku 180, euro 90 kila mtu na wakikunyima hazirudi, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Haya yote yanabadilika, kabla ya kulipa someni kwenye ukurasa wa ubalozi wenyewe, msitegemee video ya mtu aliyekwenda na pasipoti ya Ujerumani.

Sasa utaona kwa nini nasema usiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Afisa wa viza anachotaka kujua ni nini kitakurudisha kwenu. Barua ya mwajiri inasaidia, salio la benki linasaidia, cheti cha ndoa cha RITA kinasaidia, na kiwanja chenye karatasi zenye majina yenu nacho kinasaidia. Ninyi mnataka muuze kimoja na kuacha kingine alafu ndo mkaombe viza! Omba likizo bila malipo ya hiyo miezi ya Kigali, wakikukatalia utaamua kufuatana na biashara yako inavyokwenda muda huo.

Kiwanja hakiuzwi. Kiwanja chenye msingi ukikiuza na haraka ya safari mnunuzi ananusa, atakupa nusu, na tofali atahesabu bure. IST uzeni, gari likisimama mwaka mzima linaharibika tu. Kama bila hela ya kiwanja safari haiwezekani basi safari bado haijaiva, isogezeni kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa sita.

Kuna vitu vidogo vinavyowaumiza watu. Laini ya simu ndo kubwa. Namba zenu za Dar ndo zinapokea zile namba za siri za benki na za simu pesa, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, sasa ikipotea ukiwa Kigali au Lisbon huwezi kumtuma mdogo wako akairudishe, kidole ni chako. Kabla hamjaondoka nendeni benki muulize kama uthibitisho unaweza kuja kwenye programu yao au kwenye imeili badala ya meseji, na laini zenyewe msiziache zikakaa muda mrefu bila kutumika. Chanjo ya homa ya manjano, ile ya kadi ya njano, mchanje angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Na nchi nyingi ukipitisha siku 183 zinaanza kukuhesabu mkaazi wa kodi, mkeo mhasibu hilo mwachie.

Umeniuliza ndoa itakuwepo akienda peke yake. Itakuwepo mwanangu, mtu kutangulia mahali miezi miwili hakujavunja ndoa, Dar hii imejaa wanandoa ambao mmoja yuko Mwanza mwingine yuko Temeke. Ila hebu rudi kwenye ule ugomvi. Wewe ulisema siwezi kwenda kulelewa. Yeye amefanya kazi miaka yote hii mezani pale sebuleni, akafikiria pesa yake iwapeleke wote wawili duniani, akasikia mume wake anaiita kulelewa. Ndo akajibu vile. Mimi umeniandikia kwa herufi kubwa kwamba unataka kwenda, yeye je, umeshamwambia? Kwa barua yako inaonekana yeye anachojua ni kwamba umekataa. Mwambie unataka, mwambie unachoogopa ni kukaa huko bila kazi yako na hela yako, mbili hizo zitoke kwenye kinywa chako zikiwa zimetengana. Alafu ndo uje na habari za Kariakoo na Kigali.

Mkishaelewana tengenezeni na pesa. Nauli ya kurudi ya kila mmoja ikae kwenye akaunti yake mwenyewe na isiguswe, hata mkiishiwa chumvi isiguswe. Pesa ya mama na ada ya mdogo wako zitoke mwezi ukianza kabla ya kodi ya apatimenti, na zitoke kwenye hesabu ya wote wawili. Habari ya mtoto ni ya ninyi wawili, mama mkwe mumshukuru kwa heshima na muishie hapo, ila muiongelee kweli kweli kabla ya safari mana bima nyingi za safari hazilipii kliniki ya kawaida ya ujauzito wala kujifungua, na mkeo asije akajikuta mjamzito Lisbon mnaanza kuulizana.

Mama wa Mbagala aambiwe na ninyi wawili mkiwa mmekaa mbele yake, mapema, kabla kijiwe hakijamfikishia. Na mkienda muwe na jibu tayari la nani anampeleka kliniki, awe ni mtu mnayemjua kwa jina na mmeshakubaliana naye na nauli yake ipo, na kliniki ya kwanza aende naye ukiwa bado uko hapa umwone anavyofanya. Msimwambie tutaona. Mgonjwa wa sukari dawa yake haisubiri.

Ila kabla ya yote hayo, wiki hii hii, mkeo amwandikie mwajiri wake imeili aulize kama mkataba unamruhusu kufungua mahesabu ya wateja akiwa nje ya Tanzania, ataje na nchi zenyewe, na jibu alipate kwa maandishi. Kuna kampuni hazikubali kabisa, na kama hiyo yake ni mojawapo basi mipango yote hii inabidi ianze upya. Likija jibu niandikie tena.